Niliahidi kila mwanafunzi atacheza, sasa uwanja ni wa timu ya shule tu

Barua

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 17, nipo kidato cha nne katika sekondari ya kutwa mkoani Morogoro. Tangu Septemba mwaka jana ni kiranja mkuu wa michezo. Nafasi hii niliiomba mwenyewe. Nilisimama paredi nikajinadi, nikawaahidi wenzangu kwamba kila mwanafunzi atacheza, si timu ya shule peke yake. Naamini walinipa kura kwa neno hilo, na sasa ndilo linaloninyima usingizi.

Shule yetu ina mikondo minane, A na B kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na kila mkondo una wanafunzi kama 60. Tuna uwanja mmoja wa mpira wa miguu, kiwanja kimoja cha netiboli kando ya paredi, mipira miwili ya miguu na mmoja wa netiboli. Siku za michezo ni Jumanne na Alhamisi, saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja.

Februari nilianzisha ligi ya mikondo. Kila mkondo ukutane na kila mkondo, mechi moja kwa siku, dakika 40 kwa 40 kama mpira wa watu wazima. Siku ya kwanza uwanja ulijaa, hata walimu walitoka ofisini kuangalia. Wiki ya tatu ligi ikafa. Mvua ilivunja mechi mbili, timu moja haikutokea, na refa, ambaye alikuwa wa kidato cha tatu B, alizongwa na wachezaji kwa kuwapa darasa lake penalti. Mvulana mmoja wa kidato cha pili alikanyaga shimo karibu na nguzo ya goli akateguka kifundo cha mguu. Wenzake wakamchua palepale, nyumbani akakandwa kwa maji ya moto, na kesho yake hakuweza kuvaa kiatu. Mama yake alikuja shuleni akauliza nani aliandaa mechi ile. Nilinyoosha mkono.

Baada ya hapo mwalimu wa michezo akasema Jumanne na Alhamisi zote ni za timu ya shule mpaka UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ipite. Mwaka jana tulitolewa mapema wilayani, na yeye anasema sababu ni maandalizi mabovu. Simlaumu. Rafiki yangu mkubwa ni mfungaji wa timu ya netiboli, na ameniambia wazi kwamba tukifungwa tena atajua nani aliwapunguzia mazoezi. Upande wa pili, wavulana wa mikondo wananiita msaliti.

Kinachonivunja moyo zaidi ni wasichana. Tupo zaidi ya 200, lakini wanaotoka kucheza hawazidi tisa. Nimetangaza, nimeingia darasa kwa darasa, hawaji. Naona wasichana wa shule yetu hawapendi michezo.

Niliwaza kila mwanafunzi atoe shilingi 1,000 tununue mipira kumi ili ugomvi uishe. Pia niliwaza kwenda kwa mkuu wa shule nimweleze kwamba mwalimu amechukua uwanja wote. Baba anasema niachie cheo kabla ya moko, yaani mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, maana hisabati yangu imeshuka kutoka 58 hadi 41. Shangazi, nishike lipi?

Kiranja aliyechoka, Morogoro

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ule mkono ulionyoosha mbele ya mama wa mtoto aliyeumia. Ungeweza kunyamaza, lakini hukunyamaza. Nimelitaja mapema kwa sababu barua yako imejaa mambo unayojilaumu, na hilo umelipita haraka mno.

Nikiielewa vizuri, una ahadi kwa wanafunzi karibu 480, uwanja mmoja unaotakiwa na pande mbili zenye hoja za kweli, rafiki anayekutazama kwa jicho kali, na mtihani unaokuja. Umeyafunga yote furushi moja ukaniuliza ushike lipi. Naomba tulifungue kwanza. Nadhani baadhi ya vilivyomo havihusiani kama vinavyoonekana.

Tuanze na ligi iliyokufa. Unasimulia kana kwamba iliuawa na mvua, refa na watu wasiojali. Hebu tupige hesabu. Timu nane, kila moja ikikutana na kila moja, ni nane mara saba gawanya kwa mbili, yaani mechi 28. Kwa mechi moja kwa siku na siku mbili kwa wiki, ni wiki 14. Ni vigumu muhula wa shule ya kutwa kukupa wiki 14 safi, tena katika masika ya Morogoro. Hata bila mvua, timu iliyofungwa mechi tatu za mwanzo ingekuwa na miezi ya kungoja bila tumaini, na timu ya namna hiyo ndiyo huacha kutokea. Kwa hiyo sina hakika kwamba wenzako walichoka michezo. Huenda walichoka ratiba.

Timu hizohizo nane ukizigawa makundi mawili ya timu nne, kila kundi lina mechi sita. Jumla 12, nusu fainali mbili, fainali moja: mechi 15. Ukicheza dakika 15 kwa 15 na mapumziko ya dakika tano, mechi inachukua dakika 35. Ongeza kumi za kubadilishana, na mechi mbili zinaisha kabla ya saa kumi na moja. Hapo unahitaji siku nane za michezo. Hata ukipewa siku moja tu kwa wiki ni miezi miwili, na unaweka siku mbili za akiba kwa ajili ya mvua. Kasoro yake ni kwamba kila mkondo unahakikishiwa mechi tatu tu, na watakaotolewa watalalamika. Mtoano wa moja kwa moja ni mfupi zaidi, mechi saba tu, lakini nusu ya shule inamaliza michezo yake katika mechi ya kwanza, na hilo linagongana na ahadi yako.

Sasa uwanja. Umeandika kana kwamba ni wa timu au ni wa mikondo. Je, lazima? Uwanja wa mita 100 kwa 60 ukigawanywa katikati unatoa vipande viwili vya mita 50 kwa 60. Ukiweka magoli madogo kwenye mistari ya pembeni na kucheza kwa upana, kipande kimoja kinatosha wachezaji saba kwa saba, na timu ya shule inabaki na kipande kingine na goli lake kubwa. Wachezaji saba pia hugusa mpira mara nyingi kuliko kumi na mmoja, na kwa yule ambaye hajazoea kucheza, hilo ndilo linalomrudisha wiki inayofuata.

Kuna hatari zake. Mwalimu anapofundisha mpangilio wa timu nzima anahitaji uwanja wote, na nusu haimtoshi. Mipira itaingiliana. Na kwa kuwa mna miwili, timu itabaki na mmoja, ambao kwa mazoezi ya watu zaidi ya 20 ni haba kweli. Ndiyo maana wengine hugawa siku badala ya uwanja, Jumanne mikondo na Alhamisi timu. Hapo mwalimu anapoteza nusu ya siku zake, na hakuna namna ya kulificha hilo.

Ningependa ujiulize mwalimu anaogopa nini hasa. Inawezekana uwanja ni sehemu ndogo tu, na hofu yake kubwa ni mshambuliaji wake kuumia kwenye mechi ya madarasa wiki mbili kabla ya kwenda wilayani. Kama ndivyo, unaweza kumpelekea kanuni kwamba mchezaji wa timu ya shule hachezi ligi ya mikondo mwezi wa mwisho, bali anakuwa kocha wa mkondo wake. Unaweza pia kumkumbusha, kwa adabu, kwamba ligi ya mikondo ndiyo mahali anapoweza kumwona mtoto wa kidato cha kwanza ambaye hajawahi kufika kwenye mchujo. Mwombe dakika kumi, uende na karatasi moja: ratiba, majina ya wanaokusaidia, na mstari unaosema nani atashughulikia majeruhi. Mwalimu aliyeona mechi zikivunjika ana sababu ya kuwa na shaka.

Na kwenda kwa mkuu wa shule? Haki hiyo unayo. Ila ukianzia huko, mwalimu atasikia habari zako kutoka kwa bosi wake, na utamhitaji hadi mwisho wa uongozi wako. Kati yenu na mkuu yupo mwalimu mlezi wa serikali ya wanafunzi. Wewe unawajua watu hawa, mimi siwajui. Pima mwenyewe.

Kuhusu wasichana, hapa nakuomba upunguze hakika yako. Unasema hawapendi michezo. Umewauliza, au umewatangazia? Ni vitu viwili tofauti. Weka boksi darasani, kila msichana aandike bila jina ni kitu gani kinamzuia. Nahisi utasoma mambo ambayo tangazo haliwezi kuyaondoa. Kwanza saa: kama netiboli huanza baada ya wavulana kumaliza, msichana anayetembea saa nzima kufika nyumbani, na huko anangojwa na ndoo ya maji, tayari ameshaondoka. Pili mavazi: anabadilishia wapi, na je, suruali ndefu ya mazoezi na hijabu vinakubalika bila mtu kumsemea ovyo? Tatu siku zake za hedhi: choo kina maji na mlango unaofungwa? Nne, wavulana wanaosimama mstarini kucheka kila anayedondosha mpira.

Lipo na la tano, tena la hesabu. Netiboli inaingiza wachezaji saba. Mkondo wenye wasichana 30, hata wote wakija, 23 wanasimama nje. Wasiojua kucheza wanajua mapema kwamba hawatachaguliwa, basi wanabaki darasani. Fikiria rede. Karibu wote waliicheza shule ya msingi, mpira wake ni soksi iliyojazwa matambara, na wasichana 15 kwa 15 wanaingia bila kuchaguliwa: kundi moja katikati linakwepa, lingine linarusha kutoka pande mbili, unahesabu dakika ngapi wa mwisho ameponea. Kukimbizana vijiti pia, wanne wanne, hakudai uwanja wala mpira. Wapo watakaosema rede si mchezo wa sekondari. Lakini msichana aliyetoka darasani kwa ajili ya rede yupo tayari nje siku mtakapohitaji mtu wa netiboli.

Fedha. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa kukulinda. Shilingi 1,000 kwa wanafunzi 480 ni shilingi 480,000 mkononi mwa msichana wa miaka 17. Tangu elimu bila ada ianze kwa kidato cha kwanza hadi cha nne Januari 2016, michango ya shuleni ina utaratibu wake, na mwanafunzi hawezi kuianzisha kwa tangazo la paredi. Ikipotea hata 5,000, jina litakaloitwa ni lako. Kama mipira lazima inunuliwe, njia zipo: mkuu wa shule na bodi, wahitimu wa zamani, au mfanyabiashara anayenunua mpira wenyewe na kuukabidhi kwa mwalimu mbele ya watu. Zinachelewa, na huenda zisizae kitu mwaka huu.

Kwa hiyo mipira mitatu mliyonayo itazamwe kama mboni. Mpira namba 5 unatakiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70. Ukijazwa mno kwenye ardhi ya kokoto, unachunika ngozi na mishono inaachia. Ukiwa laini mno, unapinda na kupoteza uduara. Bonyeza kwa vidole gumba viwili: ukizama kidogo sana na kurudi, umetosha. Sindano ya pampu ilowekwe kwanza, maana kavu hurarua vali, na mpira wenye vali iliyoraruka hautengenezeki kirahisi. Usiachwe juani baada ya mechi. Na mpira wa netiboli usipigwe teke na mtu yeyote, hata kwa dakika mbili za kungoja wenzake. Mtu mmoja atunze daftari: nani kachukua, saa ngapi, umerudi katika hali gani.

Shimo la langoni nalo lina historia. Makipa hukanyaga palepale kila siku, mvua inachota udongo uliolegea, kinabaki kidimbwi. Ukilijaza mchanga mtupu, utadumu siku moja tu, kwa sababu utatawanyika tena. Weka udongo wa kichuguu uliopondwa, umwagie maji kidogo, ushindilie kwa gogo tabaka kwa tabaka, kila tabaka kama upana wa kiganja. Na kama magoli madogo yatakuwa ya mirunda, nguzo zichimbiwe chini nusu mita na zaidi. Goli lililosimamishwa juu ya ardhi tu huanguka mtu anaponing'inia, na hilo limeua watoto katika nchi nyingi.

Kupiga mistari yenye pembe sawa hakuhitaji fundi. Kamba ya katani ya mita 12, funga fundo kwenye mita 3 na mita 7, unganisha ncha, watu watatu washike ncha na mafundo mawili na kuvuta hadi kamba ikaze. Kwenye fundo la mita 3 mna pembe mraba kamili. Majivu ya jikoni yanatosha kwa mstari, ila mvua ikinyesha mtarudia.

Yule mvulana wa kidato cha pili aliumizwa mara mbili, na shimo, kisha na kuchuliwa. Kifundo kilichoteguka kinavuja damu ndani kwa ndani. Ukikichua au kukikanda kwa moto siku mbili za kwanza, unaongeza uvimbe. Kinachofaa ni kupumzisha, kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 15 au 20 na kurudia, bandeji isiyobana hadi vidole vife ganzi, na mguu uinuliwe juu kuliko kiuno. Asiyeweza kukanyaga hatua nne apelekwe zahanati. Aliyegongwa kichwa harudi mchezoni siku hiyo, hata akisema yupo sawa. Ukimwandikia mama yule barua fupi kwamba sasa mna utaratibu huu, nadhani ataipokea.

Refa wa kidato cha tatu B kuchezesha mechi ya kidato cha tatu B, hata angekuwa mwadilifu kuliko wote, asingeaminiwa. Marefa watoke mikondo isiyocheza siku hiyo, na isiyo katika kundi lile. Kanuni zibandikwe ubaoni kabla ya mechi ya kwanza: ushindi pointi tatu, sare moja, timu ikichelewa dakika kumi imepoteza, anayemgusa refa hachezi tena. Zikibandikwa baada ya ugomvi, zitaonekana zimetungwa dhidi ya mtu.

Nimebakiza wewe mwenyewe. Hisabati kutoka 58 hadi 41 si jambo la kupuuza, na baba hajakosea kuogopa. Ila sijui, na huenda nawe hujui, kama alama zile zimeliwa na saa za uwanjani au na saa za usiku unazokaa ukiwaza. Kwa wiki moja andika kila siku muda uliotumia kwa michezo. Ikiwa ni saa tano na nyingi zake ni kubeba mipira, kupiga mistari na kutafuta marefa, basi unafanya kazi ya watu wanane. Mikondo ni minane. Kila mmoja utoe mwakilishi: mmoja vifaa, mmoja marefa, mmoja matokeo, msichana mmoja asimamie netiboli na rede, na wanne wanaobaki mistari, maji, majeruhi na mwenye kengele ya muda. Baadhi yao watakuangusha. Mwenye kengele atasahau, mistari itapinda.

Ukiona kwenye daftari lako kwamba saa zenyewe ni chache na bado alama zinashuka, kuachia cheo huenda kusirudishe alama hizo, na hapo unahitaji mwalimu wa hisabati kuliko ushauri wangu. Ukiona ni nyingi na huwezi kuzigawa, kuachia kuna heshima yake, hasa ukimpa naibu tarehe badala ya kumshtukiza. Njia ya tatu ni kubaki hadi siku fulani mliyokubaliana na baba, kwa mfano wiki sita kabla ya moko. Mwoneshe daftari hilo. Akiona saa zilivyokwenda mtazungumza vizuri kuliko mkibishana.

Rafiki yako nimemwacha mwisho kwa sababu naye yumo katika ahadi yako. Uliahidi kila mwanafunzi atacheza, na yeye ni mmoja wao. Pengine anachotaka kusikia ni Alhamisi zake zipo palepale, na pengine angekubali kukufundishia wasichana wa kidato cha kwanza namna ya kushika mpira wa netiboli Jumanne moja, kama ungemwomba.

Chochote utakachoamua, anza leo kuandika kwenye daftari: hesabu ya makundi mawili, siku zilizoliwa na mvua, mikondo iliyochelewa, hali ya kila mpira. Hata ukiachia Aprili, atakayekupokea hataanza tena na mechi 28.

Shangazi